Wifi kachukua sufuria, daktari anataka misuli

Bi Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga, saa saba usiku, nyumba nzima imelala isipokuwa mimi. Mume wangu ana miaka 52, ni seremala, na milango mingi ya nakshi mtaani kwetu imepita mikononi mwake. Mwaka jana alianza kulalamikia ubavu wa kulia. Mimi nikadhani ni kuinamia randa kutwa. Tumezunguka hospitali mpaka Dar, ndiko tukaambiwa ini limejaa makovu kwa sababu ya homa ya ini B aliyoishi nayo miaka bila kujua, na ndani ya makovu hayo pameota saratani. Uvimbe ni mmoja, wa sentimeta 3.5. Tukashauriwa kupandikiza ini. Ukoo ukachanga, kiwanja cha Pongwe tukauza, na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, amekubali kutoa kipande cha ini lake. Tunatakiwa Chennai, India, baada ya wiki saba.

Juzi tuliongea na daktari wa huko kwa video. Aliziangalia picha za CT, zile zinazoonyesha mwili mkato kwa mkato, muda mrefu, kisha akasema uvimbe haumtishi, kinachomtia wasiwasi ni misuli. Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu ana saratani ya ini, misuli imeingiaje? Akasema mgonjwa amekwisha kwa ndani, na akipanda kitanda cha upasuaji vile alivyo, hatari inaongezeka. Kliniki ya Dar walikuwa wamempa kifaa cha kuminya kwa kiganja, kikasoma kilo 19. Mizani yake inasoma 66, lakini daktari anasema tuhesabu 58, nyingine ni maji ya tumboni na miguuni. Akatuandikia: protini gramu 70 hadi 87 kwa siku, ale kabla ya kulala, afanye mazoezi ya kusimama na kuketi kwenye kiti, atembee. Bi Mkubwa, jikoni kwangu hakuna gramu, kuna kikombe na upawa.

Na hata huo upawa sina tena. Wifi yangu mkubwa amekuja kutoka Pangani kumuuguza kaka yake, na sufuria sasa ni lake. Anasema mgonjwa wa ini halishwi samaki wala mayai wala maharage, ini litachemka. Asubuhi saa tatu uji mweupe, mchana wali na mchuzi wa bamia, saa moja usiku ndizi za kuchemsha, kisha alale. Nilipomtoa mume wangu uani tuzunguke mwembe mara nne, wifi alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia: "Unataka kumuua kabla hajafika huko India?" Siku ya pili mume wangu mwenyewe akakataa kutoka. Anasema hataki watu wamwone anatembea kama mtoto anayejifunza. Saa yake ya mkono, aliyoivaa tangu tuoane, sasa inapanda mpaka karibu na kiwiko. Nikimsaidia kuoga naona paja limebaki ngozi.

Tena Ramadhani inaingia baada ya wiki tatu na anasema atafunga, huenda ndiyo ya mwisho kwake.

Niambie ukweli. Misuli inaweza kuamua nani apone? Au daktari anatafuta sababu ya kutukataa baada ya sisi kuuza kiwanja? Na huyu wifi nimfanyeje, maana anampenda kaka yake, hilo siwezi kulikana.

Mke mwenye mashaka, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana na uuguzi.

Nianze na daktari, maana naona ndiye unayemshuku. Hajawakataa. Anayetaka kukataa hakuandikii gramu, anakwambia rudini nyumbani mkamtunze. Huyu amewapa kazi ya wiki saba.

Umeshawahi kununua sarara buchani? Ile nyama laini inayolala pande mbili za uti wa mgongo wa ng'ombe. Binadamu naye anayo, inashuka kutoka kiunoni hadi kwenye nyonga, na ndiyo inayomnyanyulia paja anapopanda ngazi. Picha ya CT iliyopigwa kuangalia ini huipiga na hiyo bila kukusudia. Daktari huchagua mkato unaopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno, akapima eneo la misuli yote iliyoonekana hapo. Mtu anaweza kuwa na tumbo kubwa na uso uliojaa, lakini kwenye mkato ule sarara ikaonekana nyembamba kama kamba. Madaktari huiita hali hiyo sakopenia. Kiganja nacho kinasema habari ileile: wataalamu wa Ulaya wameweka mstari wa mwanamume kwenye kilo 27, na seremala wenu ameminya 19.

Mwaka 2010 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima sarara za wagonjwa 163 waliopandikizwa ini, na waliokuwa nazo nyembamba ndio waliofariki zaidi. Tangu hapo habari hiyo imerudiwa nchi nyingi: wenye misuli michache hupata maambukizi zaidi, hukaa zaidi chumba cha wagonjwa mahututi, na mwaka wa kwanza huwa mgumu kwao. Ila utafiti ninaotaka umsomee wifi yako ni wa Kyoto, Japani, uliotoka 2013. Wale walikuwa wakipandikiza kama mnavyotaka nyinyi, kipande cha ini la ndugu aliye hai. Wagonjwa wenye misuli michache waliishi muda mfupi kuliko wenzao, ndiyo. Lakini miongoni mwa hao wenye misuli michache, waliopewa lishe ya kupangwa kabla na baada ya upasuaji waliishi zaidi kuliko wasiopewa. Yaani sufuria lilikuwa na neno.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, ini sikupandikiza, lakini matumbo yaliyopasuliwa nimeyaona ya kutosha. Unajua nilikuwa namtambuaje mgonjwa atakayetusumbua? Kwa kikohozi. Siku ya pili baada ya upasuaji unamkalisha, unamshikisha mto tumboni, unamwambia kohoa. Mwenye nguvu anakohoa kitanda kinatikisika, makohozi yanatoka, basi. Mwenye misuli iliyokwisha anatoa sauti kama ya mtu anayepuliza mshumaa. Makohozi yanabaki kifuani, jioni homa, kesho yake nimonia. Mshono wake mzuri, dawa zote anazo, anashindwa na kukohoa. Mbavu na tumbo vinavyokohoa ni misuli, na paja linalomshusha kitandani nalo ni misuli. Sasa ongeza dawa za kushusha kinga ambazo mumeo atazinywa ili mwili usilikatae ini la mdogo wake, uone kwa nini daktari wa Chennai alitulia juu ya ile picha.

Hapo hapo nikuonye usije ukavuka mpaka. Misuli haiamui peke yake. Swali la kama saratani yenyewe inafaa kupandikiziwa ini lina kipimo chake, maarufu zaidi kikiwa kile cha Milan, Italia, cha mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimeta 5, au mpaka mitatu isiyozidi sentimeta 3 kila mmoja, na saratani isiwe imeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Daktari Mazzaferro na wenzake walipochagua wagonjwa 48 kwa namna hiyo, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne, wakati kabla ya hapo watu walikuwa karibu kukata tamaa na kupandikiza kwa saratani. Sentimeta 3.5 iko ndani ya mstari. Kwa hiyo asije mtu akakwambia "tungojeni mwaka mzima anenepe kwanza." Saratani haingoji. Waulizeni madaktari kama apate tiba ya kuuzuia uvimbe wakati huu wa kungoja, ile ya kupitisha dawa kwenye mshipa mpaka penye uvimbe. Wiki saba zitumieni zote, lakini msiombe ziwe ishirini na saba.

Sasa jikoni.

Wifi yako hajalitoa neno lake hewani. Sisi wenyewe wauguzi tulifundishwa hivyo, na nina wagonjwa niliowanyima mayai kwa mkono wangu nikidhani nawasaidia. Hoja ilikuwa kwamba protini huzaa amonia, na ini bovu likishindwa kuisafisha mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku. Mwaka 2004 wenzetu wa Barcelona waliwachukua wagonjwa waliokwisha kuchanganyikiwa hivyo, wakawagawa, wengine wakapunguziwa protini, wengine wakala kawaida. Kupunguza hakukusaidia chochote, na waliopunguziwa miili yao ilizidi kujila. Na hapa ndipo penye jambo ambalo halikunifikia mpaka nimeshastaafu: misuli nayo husafisha amonia. Ini likichoka, misuli hulibebea sehemu ya kazi. Ukimnyima mtu chakula cha misuli ili kumkinga na amonia, umemfukuza kibarua aliyekuwa akisaidia.

Mumeo akianza kuchanganya maneno au kusinzia ovyo, tiba yake ni daktari na dawa ya maji ya laktulosi, na kuhakikisha anapata choo. Samaki abaki kwenye sahani.

Kosa kubwa nyumbani kwenu, ukiniuliza mimi, liko kwenye saa zaidi ya sahani. Anakula saa moja usiku, anakunywa uji saa tatu asubuhi. Hesabu: saa kumi na nne. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kumvusha mtu usiku, ini lenye makovu halina ghala hilo. Likikosa, mwili unabomoa misuli ukatengeneze sukari. Usiku mmoja wa kulala na njaa kwa mgonjwa kama huyu unafanana na siku mbili hadi tatu za njaa kwa mimi na wewe. Kila alfajiri, kabla hujaamka, mumeo ameshachinja kipande cha paja lake. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walitoa chakula cha nyongeza kilekile kwa makundi mawili ya wagonjwa wa ini, kundi moja wakala mchana na jingine usiku. Baada ya miezi kumi na miwili waliojenga mwili ni wale wa usiku.

Kwa hiyo saa tatu usiku, kabla hajalala, kikombe kikubwa cha uji uliopikwa kwa maziwa, na kipande cha mkate. Akiamka saa tisa kwenda haja na ana hamu, mpe ndizi. Na asubuhi asingoje saa tatu, akiamka tu ale.

Gramu nazo zisikutishe. Yai moja lina kama 6. Glasi ya maziwa au mtindi ina kama 8. Kipande cha samaki kilichopikwa, upana wa kiganja chako bila vidole, kina zaidi ya 20. Kikombe cha maharage au choroko zilizoiva kinakaribia 15. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi, una 20. Mchana samaki na upawa wa maharage juu ya wali, umepita 30. Usiku kikombe cha choroko za nazi na chapati, kama 20. Ule uji wa maziwa na mkate, 10. Umeshafika 80 bila mizani. Wali na ndizi zibaki kwa wingi, maana anahitaji pia nguvu za kama kalori 2,000 kwa siku, akizikosa protini itachomwa kuni. Akishiba haraka, na watashiba haraka wenye maji tumboni, gawa mara sita badala ya kumlazimisha sahani moja. Bamia za wifi ziendelee, hazina ubaya.

Samaki awe mbichi kutoka soko la samaki, siyo ng'onda wala papa mkavu. Najua Tanga bila papa wa nazi si Tanga, lakini ile chumvi itamrudishia maji tumboni. Karanga ni nzuri, ila chambua moja moja, yoyote yenye ukungu au iliyosinyaa na kubadilika rangi itupe, hata kuku usimpe. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ni adui wa ini, na ini lenye kirusi cha homa ya ini B ndilo inaloliumiza zaidi. Tusisahau Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Ramadhani. Hapa sitazunguka, asifunge. Zile saa kumi na nne nilizolalamikia hapo juu zinakaribiana na za mfungo, na kwake kila siku ya saumu itakuwa paja linaliwa. Sura ya Baqara imemtaja mgonjwa kwa jina lake, na msafiri, na mumeo atakuwa vyote viwili. Mwite imamu anayemheshimu aje nyumbani aongee naye, wewe ondoka mkae na wifi nje, wanaume waongee. Kuhusu kulipa au kutoa fidia huyo imamu ndiye atakayemwelekeza. Anachosema kwamba huenda ikawa ya mwisho kwake, hilo ndilo linalomsukuma kufunga. Ni hofu ya kufa imevaa kanzu. Msimkemee nayo.

Mazoezi. Kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Akunje mikono kifuani, asimame, aketi, asimame, aketi. Siku ya kwanza akishindwa bila kushika, ashike, wewe simama mbele yake. Mara tano, apumzike, mara tano tena, asubuhi na jioni, halafu muongeze kidogokidogo. Pima kwa saa ile inayomcheza mkononi: kusimama mara tano kumemchukua sekunde ngapi? Andika ukutani. Ikizidi 15 ni dhaifu, ikishuka wiki hadi wiki mna habari njema kuliko mizani, maana mizani ya mwenye maji tumboni ni mwongo, hupanda misuli ikishuka. Kwa mikono, fundi baiskeli atakukatia mpira wa tyubu kuukuu, funga kwenye komeo la dirisha, avute taratibu. Seremala anajua kuvuta, kazi ya msumeno ni hiyo. Kama aliwahi kutapika damu, au kamera ilionyesha mishipa imevimba kwenye umio, asinyanyue kitu kizito wala asibane pumzi akijikaza. Muulizeni daktari kuhusu hilo kabla hajauvuta huo mpira.

Kutembea, aibu yake naielewa. Mwanamume aliyezoea kubeba ubao wa mninga begani hataki kuonekana ameshikwa mkono. Basi tembeeni kabla ya alfajiri kupambazuka, au yeye na mdogo wake wakienda msikitini taratibu, hakuna atakayeuliza ndugu wawili wanakwenda wapi. Mdogo wake naye anahitaji kuwa imara, anakwenda kukatwa kipande kikubwa cha ini.

Na hapo kwa mdogo wake nina swali. Baba mmoja mama mmoja, na kirusi hiki mara nyingi hutoka kwa mama wakati wa kuzaa. Amepimwa homa ya ini B, si kundi la damu tu? Akiwa nacho hataweza kutoa, na heri mjue Tanga kuliko Chennai. Tena barua yako nzima hukuandika neno juu yako wala watoto. Nendeni mkapime wote wiki hii. Chanjo ya watoto wachanga iliingia Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo kama mkubwa wenu amezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. Asiyekuwa na kirusi wala kinga anachomwa sindano tatu ndani ya miezi sita, yamekwisha.

Vyeti navyo. Sheria ya India ya 1994 ni kali kwa wageni, kuna kamati inayohakiki kama kweli hawa ni ndugu na hakuna aliyeuza kiungo, na ubalozi unahusika. Kama cheti kimoja baba yao kaandikwa Mohamedi na kingine Muhammad, rekebisheni sasa.

Baada ya upasuaji usishangae wakimkalisha kitandani mapema akiwa na mirija kila upande, na kumsimamisha akiwa bado anaguna kwa maumivu. Wakifanya hivyo, wifi asiwepo chumbani. Dawa za steroidi za mwanzo zitamfungulia njaa na huku zinakula misuli ya paja, hivyo akirudi Tanga amenenepa mashavu, usiache kile kiti. Kilo zinazorudi kwanza huwa mafuta, misuli huweza kuchukua mwaka na zaidi. Takrolimasi, ile dawa ya kushusha kinga, ataimeza kwa saa zilezile kila siku, asile balungi wala asinywe miti shamba yoyote juu yake, na mgongo ukimuuma asikimbilie diklofenaki za duka la dawa, figo zitalipa. Vipimo vya kuangalia kama saratani imerudi asivikose hata akijisikia simba. Ubao wa mninga usubiri mpaka wapasuaji waseme.

Wifi sasa. Usimnyang'anye sufuria, utapigana naye wiki saba na mgonjwa atalala njaa katikati yenu. Mpe saa. Mwambie, "Dada, daktari amesema chakula kikubwa kuliko vyote ni cha saa tatu usiku, mimi nikichoka nasinzia, naogopa kukikosa. Kichukue wewe." Uji wa maziwa anaujua kupika kuliko mimi na wewe. Kabla ya hapo pigeni tena simu Chennai, simu iwekwe sauti kubwa, na wifi ndiye aulize kwa mdomo wake: mgonjwa ale samaki au asile? Jibu la daktari akilisikia yeye halitakuwa neno lako. Na kile kikaratasi cha sekunde ukutani, kalamu mpe yeye.

Mwisho ni safari. Tanga hadi Dar kwa basi, uwanja wa ndege, ndege ya kwanza, kungoja, ndege ya pili: nimeona watu wakimpitisha mgonjwa siku nzima kwa soda na biskuti. Chemsha mayai usiku ule wa kuondoka, funga chapati kwenye foili, na baada ya ukaguzi wa uwanjani nunueni maziwa. Kiti chake kiwe cha pembeni mwa njia, na kila saa asimame, ashike kiti cha mbele, aketi, mara tano.